Alale Mlangoni Pangu

Wivu wa mtu aliye mbali una adhabu yake. Aliye karibu anaweza kuchungulia, akajua moja, akalala. Cyrus hakuwa na pa kuchungulia. Alikuwa na simu tu, na siku hizi kila alipoifungua alimkuta Philipo ndani.

Alhamisi ile alikuwa zamu ya mchana kwenye lango la kampaundi moja ya nyumba za wenye nazo huko Abu Hamour, Qatar. Jua lilikuwa limeipika lami mpaka ikaanza kunuka. Ndani ya kibanda cha mlinzi kiyoyozi kilikuwa kikikohoa bila kupoza chochote, na shati la sare lilikuwa limemganda mgongoni. Simu ikatetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa mkewe, Cheryl, kutoka Olkirna, kijiji chao huko Kenya.

"Baba Tony, habari ya kazi? Sisi tuko salama. Sasa sikia, ile pesa ya ulinzi ya serikali imefika kweli, si maneno ya redio tena! Tunajengewa kituo hapa hapa Olkirna. Tunaletewa gari, na wale polisi wa akiba watalipwa mshahara kila mwezi kama polisi wengine. Na unajua nani amependekezwa kuwa mkubwa wao? Philipo! Haki ya Mungu, watu wamefurahi. Kesho ni baraza ya kumpitisha. Wewe na Fabian mtapigiwa simu ya video, mseme lile neno la rika. Tafadhali usikose kushika simu."

Cyrus aliurudia ujumbe ule. Habari alikuwa ameishika mara ya kwanza. Alichotaka kusikia tena ni jinsi mkewe alivyolitaja lile jina. Philipo! Kwa furaha, kwa sauti ya juu, kama msichana anayeona mgeni mwenye zawadi mlangoni. Lini mara ya mwisho jina lake yeye lilitajwa hivyo? Alijaribu kukumbuka, akakosa. Gari la mkazi mmoja likapiga honi mara mbili ndipo akakumbuka kuinua kizuizi.

Tuseme ukweli, mtu huyu alikuwa na sababu ya kuumia, ingawa hakuwa na haki.

Watu wa Olkirna ni wachache. Wamekaa ukingoni mwa ziwa lao tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka, katikati ya makabila mawili makubwa, na kila wezi wa mifugo wanapopita kutoka upande huu kwenda ule, huanza kwao au humalizia kwao. Miaka nenda miaka rudi kituo cha polisi kilikuwa mjini, mbali sana, na polisi walifika wezi wakiwa wameshachoma nyama. Serikali ikaona ujanja. Ikawagawia vijana wachache bunduki za kale, ikawaita polisi wa akiba, ikawaambia: jilindeni. Hakukuwa na mshahara, viatu wala chakula. Ukipigwa risasi, ni bahati yako na mama yako.

Cyrus alikuwa mmoja wa vijana hao. Alilala vichakani, akala matunda ya mwitu, akauza mbuzi wake mwenyewe ili anunue buti. Yeye ndiye aliyemfundisha Philipo kusafisha bunduki. Halafu akachoka. Uzalendo haujazi sufuria. Wakala wa kazi za ng'ambo alipokuja kutafuta walinzi, Cyrus na Fabian, wote wa rika moja na Philipo, waliirudisha bunduki kwa chifu na kupanda ndege. Siku ya kuagana Cyrus alimpiga Philipo begani mbele ya watu, akamwambia: "Wewe baki na mbu na hiyo bunduki ya babu. Sisi tunaenda kulinda mahali walinzi wanalipwa." Watu walicheka. Philipo naye alicheka.

Sasa serikali ile ile iliyomtazama Cyrus akifa njaa ilikuwa imeamka usingizini. Huko Nairobi walikuwa wamekaa wakakumbuka kwamba kuna jamii ndogo za asili ambazo hakuna anayezilinda, wakazitengea fungu lao. Na fungu hilo lilikuwa likimwangukia nani? Aliyebaki! Aliyeogopa ndege! Cyrus alihisi kwamba ameibiwa kitu, na kwamba mwizi anapigiwa makofi.

Lakini hilo la kazi lilikuwa nusu ya maumivu. Nusu ya pili ilikuwa koti.

Wiki iliyotangulia Cheryl alikuwa amemtumia picha ya mtoto wao, Tony, akicheka uani na meno yake mawili yameng'oka. Baba mwingine angeangalia meno. Cyrus aliangalia nyuma ya mtoto, kwenye waya wa kuanikia nguo. Palikuwa na leso mbili za Cheryl, shati dogo la shule, na koti kubwa la kijani la polisi wa akiba, linadondosha maji. Hakuna mwanamume mwenye koti kama hilo aliyeishi kwenye boma lile.

Aliuliza kwa kuzunguka. "Naona mmefua sana."

"Ee, kulikuwa na jua nzuri," Cheryl alijibu, akabadili mazungumzo.

Kubadili mazungumzo kule ndiko kulikomnyima usingizi. Tangu hapo alikuwa akizipekua sauti zote za mkewe. Philipo ametengeneza ua wa miiba. Philipo amepita kuangalia kama tumefunga. Philipo amemletea Tony filimbi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, alijiambia, na huku nyoka mwenyewe analetewa chai.

Basi la watoto wa shule liliporudi mchana ule, dereva wake alishuka kunyoosha mgongo. Aliitwa Harun, mtu wa Mombasa, mwenye tumbo la heshima na ulimi usiolala. Kila siku alimletea Cyrus karak, chai ile nzito ya maziwa ya vibandani, kwenye kikombe cha karatasi.

"Harun," Cyrus alimwambia, "mkeo yuko Mombasa peke yake. Nani anamchunga?"

"Mungu, na mamangu. Na mamangu hasinzii." Harun akacheka, kisha akamtazama vizuri. "Mbona wauliza, bwana? Uso umekukunjamana hivyo una nini?"

Cyrus alimweleza habari ya koti. Alitaka aambiwe kwamba ana haki ya kukasirika. Harun alipuliza chai yake.

"Koti la mtu limefuliwa, likaanikwa juani, likapigwa picha, ukatumiwa wewe. Sasa mwenye jambo la kuficha aweza kuwa mjinga kiasi hicho? Wewe, Cyrus, watafuta maradhi ambayo duka la dawa halina tiba yake."

"Hujui kwetu."

"Kwenu sikujui, lakini wivu naujua. Nalikuwa nao zamani, ukanila mpaka nikakonda, hata hivi nilivyo usingeamini." Akajipiga tumbo na kurudi garini.

Cyrus alimwona Harun kama mtu asiyejua uchungu. Mtu akishaamua kuumia, huwaona adui wote wanaomwambia apone.

Jioni alipanda basi la kampuni kurudi kempu, huko Al Wakrah, kwenye jengo wanakolala walinzi. Alimkuta Fabian jikoni, jiko la wote, akikaanga nyama ya mbuzi na kuimba. Fabian alikuwa mlinzi wa hoteli, kapera, mwepesi wa kucheka, na aliitumia Sheng hata kanisani.

"Buda! Leo ni sherehe! Msee wetu anakuwa bosi. Kituo, gari, uniform mpya. Si sisi tulisota bure miaka yote hiyo? Angalau mmoja wetu ameonja."

"Mmoja wetu," Cyrus alisema. "Kwa nini huyo mmoja awe yeye?"

"Kwani unataka awe nani?"

Cyrus alifunga mlango wa jiko kwanza. "Fabian, mkataba wangu unaisha mwisho wa mwaka. Nikirudi, mimi ndiye mwenye uzoefu. Wangoje kidogo tu. Tukiwaambia kesho kwamba jambo hili liahirishwe..."

"Haliahirishwi. Umesikia afisa wa serikali amesema nini? Kila lokesheni lazima ipitishe mkubwa wake kesho kwa baraza. Ikishindwa, hiyo pesa inavuka mto inaenda kwa majirani. Na unajua hao majirani wakipata bunduki mpya na gari, na sisi hatuna kitu." Fabian alizima moto. "Manze, bunduki uliirudisha mwenyewe, hakuna mtu alikunyang'anya. Hiyo kiti ni ya mtu aliyekaa."

"Wewe huna mke huko."

Fabian aliweka mwiko chini. Alielewa, na uso wake ukapoteza ule mzaha. "Cyrus, hayo maneno usiyatoe hapa jikoni. Philipo ni rika yetu. Tulitahiriwa asubuhi moja, damu yetu iliingia mchanga mmoja. Kula nyama, ulale."

Cyrus hakula, wala hakulala.

Hapa inabidi tuieleze ile desturi, maana Cyrus aliigeuza usiku kucha kichwani mwake. Zamani sana, kabla ya serikali na bunduki zake, watu wa Olkirna walichagua mlinzi wa mifugo kwa neno la rika. Kila mwanamume aliyetahiriwa pamoja na mteule, popote alipo, sharti aseme mbele ya wazee: Alale mlangoni pangu. Maana yake ni wazi. Nikiwa safarini, mtu huyu aweza kujilaza kizingitini pangu, mke wangu na watoto na ng'ombe wangu wakiwa ndani, na mimi huko niliko nitalala usingizi. Mmoja wao asipolisema, mteule hawezi kusimama. Na wazee wa Olkirna, walipoambiwa kwamba fedha hizi ni za ulinzi wa jamii za asili, walimwambia afisa wa serikali: kama ni zetu, basi mtu tutamchagua kwa njia yetu. Afisa akakubali. Ndivyo serikali, bila kujua, ilivyomkabidhi Cyrus kisu.

Wengine wa rika ambao wangelitamka neno lile walikuwa nyumbani, hatua chache kutoka kwenye milango yao. Fabian hakuwa na mlango. Katika rika zima, aliyekuwa mbali kweli, mwenye mke kweli, alikuwa Cyrus peke yake. Aliona kwamba anaombwa aseme uongo ili mwenzake apate mshahara.

Ijumaa huko Qatar ni siku ya mapumziko, na hata makanisa huabudu siku hiyo. Asubuhi, wenzao wa chumba walipokwenda kanisani na wengine msikitini, Cyrus na Fabian walikaa kwenye kitanda cha chini, simu ya Fabian imeegemezwa kwenye chupa ya maji. Ikalia. Uso wa Owen, mwalimu wa shule ya msingi ya Olkirna, ukajaza kioo.

"Mnanisikia? Nimewaunganisha na kipaza sauti. Mkiongea, uwanja mzima unasikia, kwa hivyo msitukane."

Akageuza simu. Cyrus aliuona uwanja wa shule. Watu walikuwa wengi, wanaume upande huu na wanawake ule, na mbele kulikuwa na meza yenye kitambaa. Afisa wa serikali aliketi katikati akiwa na kofia yake magotini. Kando yake alisimama Mzee Augustine, msemaji wa wazee, na fimbo yake. Na mbele ya meza, peke yake, wima, alisimama Philipo.

Sare yake ilikuwa mpya, mikunjo ya pasi bado inaonekana. Ilimkaa. Cyrus alitamani ingempwaya.

Afisa alieleza kwa ufupi: kituo, gari, mafunzo, mishahara. Nafasi mbili ni za wanawake, akasema, na mpaka leo hakuna mwanamke aliyejitokeza, naye anaelewa kuna waume wa kuulizwa. Wanaume wakacheka. Kisha wenzake Philipo wa rika wakaanza kupita mmoja mmoja, kila mmoja anashika kipaza sauti na kusema neno. Alale mlangoni pangu. Alale mlangoni pangu. Kila lilipotamkwa wanawake walipiga makofi.

"Sasa walioko ng'ambo," Mzee Augustine alisema. "Fabian."

"Alale mlangoni pangu!" Fabian alipaza sauti. "Hata kama sina mlango, nikijenga, alale!"

Uwanja ukacheka kwa furaha. Owen, kwa kutaka kuwaonyesha furaha ile, akazungusha simu upande wa wanawake, na hapo ndipo Cyrus alipomwona mkewe. Cheryl aliketi mstari wa mbele kwenye mkeka, amejifunga leso mpya. Alikuwa ametabasamu na kumtazama Philipo, mikono yake iko hewani kwa makofi.

"Cyrus," Mzee alisema.

Alikuwa amepanga kuomba iahirishwe. Alikuwa amepanga maneno ya adabu, juu ya uzoefu na mwisho wa mwaka. Lakini makofi yale ya Cheryl yaliyafagia yote, na ulimi hauna mfupa.

"Alale mlangoni pake," alisema.

Kipaza sauti kililipeleka neno lile mpaka kwenye ua wa mwisho wa uwanja. Kwanza watu walidhani wamesikia vibaya. Halafu kijana mmoja nyuma akacheka peke yake, akanyamazishwa. Halafu, polepole, shingo zikaanza kugeuka. Hazikugeuka kumtazama Philipo. Ziligeuka upande wa wanawake, mstari wa mbele, kwa Cheryl.

Cyrus aliona kwenye kioo kidogo jinsi mikono yake ilivyoshuka mapajani. Alikuwa amemlenga Philipo, na sasa mkewe ndiye aliyekuwa akivuja damu mbele ya kijiji kizima. Kila mtu alikuwa ameelewa. Mume amesema, kutoka Qatar, kwa kipaza sauti cha serikali, kwamba mlangoni pake kuna mambo.

"Umefanya nini?" Fabian alinong'ona. "Umefanya nini, wewe?"

Philipo alivua kofia. Hakutazama simu. Aliiweka kofia mezani mbele ya afisa, taratibu, na kusema: "Neno la rika ni neno. Mimi nakaa chini."

Afisa alikohoa. "Wazee wangu, mimi niko chini ya maagizo. Kama hakuna mkubwa aliyepitishwa leo, fungu hili linakwenda lokesheni ya ng'ambo ya mto. Sina la kufanya."

Uwanja ukavuma. Mtu akalitaja jina la Cyrus pamoja na jina la mnyama. Mzee Augustine aligonga ardhi kwa fimbo mpaka wakatulia.

"Bado," alisema. "Mmelisahau la pili kwa sababu tangu nizaliwe hakuna aliyekataa. Anayekataa huulizwa ameona nini. Akiwa ameona, mteule anakaa. Akiwa hajaona, neno lake linaanguka. Cyrus, umeona nini?"

"Mzee," sauti ya mwanamke ikasema, "naomba nimuulize mimi."

Cheryl alikuwa amesimama. Alipita katikati ya watu, leso yake ikimgonga miguuni, akaichukua simu mkononi mwa Owen kama mtu anayechukua chake. Uso wake ulijaa kiooni, karibu kuliko ulivyowahi kuwa tangu Cyrus aondoke. Cheryl hakuwa akilia. Cyrus angefurahi kama angelia.

"Baba Tony, umeona nini?"

"Mama Tony, tuongee baadaye..."

"Umesema mbele ya watu, jibu mbele ya watu. Umeona nini?"

"Koti," alisema kwa sauti ndogo.

"Sema wasikie."

"Koti lake. Lilikuwa kwenye waya wetu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Cheryl aliinama kidogo, kama mtu anayetua mzigo kabla ya kuubeba vizuri.

"Nililifua. Lilikuwa na damu. Wezi walikuja, Baba Tony. Walikuja boma la mama yako, wakampiga panga la mguu akizuia ndama wake. Philipo alikuwa bado hajalipwa na mtu yeyote. Aliwafukuza na wenzake wawili, kisha akamwinua mama yako chini akambeba mgongoni mpaka zahanati, akiwa amemfunika na hilo koti. Nililifua kwa sababu mama yako alisema lifuliwe kwetu." Alimeza mate. "Nilikwambia tuko salama kwa sababu uko mbali na huwezi kufanya kitu. Nilisema nisikukondeshe bure."

Aligeuza simu. Mama yake Cyrus alikuwa kwenye kiti cha plastiki miongoni mwa wanawake, mguu umenyooshwa mbele, umefungwa bandeji nyeupe mpaka gotini. Alikuwa akitazama upande wa ziwa. Mwanawe aliita "Mama", na kipaza sauti kikaita "Mama" uwanja mzima, na mama hakugeuka.

"Hajaona kitu," Mzee Augustine alisema. "Neno limeanguka. Cyrus, liseme lile lenye haki."

Kama ardhi ya Al Wakrah ingepasuka angeshukuru. Aibu ilimjaa mpaka masikioni. Na chini ya aibu, tusidanganyane, wivu ulikuwepo bado, mzima, haujapungua hata kidogo. Ulikuwa umezidi, kwani sasa Philipo alikuwa amembeba hata mama yake.

"Alale mlangoni pangu," alisema.

"Hatukusikia."

"Alale mlangoni pangu!"

Hakuna aliyepiga makofi. Afisa aliichukua ile kofia na kumrudishia Philipo, na Philipo akaivaa, macho yake chini, kama mtu aliyepewa nguo iliyovaliwa na mwingine. Mzee akasema asante. Watu wakaanza kunong'ona na kujipanga kuondoka, lakini Cheryl hakurudi mkekani. Alibaki amesimama mbele ya meza, simu mkononi.

"Afisa," alisema, "zile nafasi mbili za wanawake. Niandike mimi."

Minong'ono ikakatika. Afisa alimtazama, akaitazama simu, akamtazama tena. Alikuwa mtu mpole, hakutaka ugomvi wa pili siku moja.

"Mama, ni kazi ya bunduki na ya usiku. Na utakuwa chini ya Philipo. Si vizuri tumsikie mumeo kwanza? Yuko hapa hewani."

"Yote ambayo mume wangu angeweza kusema, ameshayasema."

Alimkabidhi Owen simu bila kuitazama. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wa pili akampokea, kisha upande wote wa wanawake ukalipuka. Cyrus alimwona mama yake akijiinua kwenye kiti kwa kumwegemea jirani, mguu wa bandeji ukiwa hewani, ili aone vizuri. Owen, katika msukumo wa watu waliosogea mbele, aliiweka simu mezani na kuisahau. Kioo kikaonyesha anga tupu la Olkirna.

"Kata," Fabian alisema. Alikuwa ameshasimama na kuvaa viatu, hakutaka kukaa kwenye kitanda kile. "Kata simu, buda. Yameisha."

Cyrus hakukata. Alisogeza sikio karibu na kioo. Katikati ya vigelegele aliisikia sauti ya Philipo, ya chini na ya heshima, ikimwelekeza mtu asimame wapi kwenye mstari, na sauti ya Cheryl ikijibu, "Sawa, mkubwa."